Ule Haukuwa Ukungu

Vanila ikiwa mbichi haina harufu. Ukilikata ganda lake likiwa bado kwenye mmea, ni kama umekata haragwe: maji kidogo, ukijani, basi. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, kwa sababu Papa, baba yangu, ni mtoto wa mkulima wa vanila kutoka upande wa Beni, Kongo, na kwenye nyumba yetu ya kupanga hapa Fridley, Minnesota, ghorofa ya tatu, mazungumzo yake ni mawili tu: Mungu na vanila. Naandika haya kwa Kiswahili kwa kuwa mdogo wangu anakielewa kikisemwa lakini hawezi kukisoma, na kuna sehemu humu nimelia, sitaki azijue.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa tatu, theluji imebaki vilima vyeusi pembeni mwa maegesho. Mwalimu wetu wa kemia alitupa kazi. Kila mwanafunzi alete kitu cha asili chenye harufu, tuitoe ile harufu kwa alkoholi, tujue ni kampaundi gani inayonukia, kisha tuandike inatoka wapi na imeundwaje. Wenzangu wakataja papo hapo. Mnanaa. Machungwa. Mdalasini. Mwenzangu wa mezani, msichana Mkenya anayetoka Brooklyn Park, mji wa jirani, ambaye huongea kwa niaba yetu sote wawili, alichagua karafuu kwa sababu mama yake ni nesi na hutafuna karafuu zamu nzima asisinzie.

"Na huyu mkimya wetu?" mwalimu akauliza.

"Anasema vanila," mwenzangu akajibu. Nilikuwa nimemnong'oneza.

"Vanila, safi sana! Hiyo rahisi, ipo kila jikoni."

Nilitaka kusema siyo hiyo. Sikusema. Mimi ndiye yule mtu ambaye akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye.

Vanila yetu haikuwa jikoni. Ilikuwa chumbani kwa wazazi, kwenye kopo la maziwa ya unga, kabatini, mahali zinapokaa karatasi za uhamiaji. Maganda saba, meusi, membamba, yamezungushiwa karatasi ya mafuta. Babu aliyakausha mwenyewe katika msimu wake wa mwisho. Shangazi aliyatoa nyumbani yakiwa ndani ya kitenge, yakakaa nasi kambini Uganda, tukapanda nayo ndege. Babu hayupo tena, na shambani kuna watu wengine. Papa hakuwahi kuyapikia kitu. Kila siku ya Noeli alifungua kopo, tukanusa mmoja mmoja, mdogo wangu akijaribu kunusa mara mbili, kisha akalifunga mpaka mwaka mwingine.

Nilipomwomba, niliogopa atakataa. Badala yake alikaa kitako kwenye kiti chake, akaanza kunieleza upya kama vile sijawahi kusikia. Ua la vanila linafunguka asubuhi moja tu. Jua likipanda, limekwisha. Kwetu hakuna nyuki wa kulihudumia, kwa hiyo watoto ndio walikuwa nyuki: alfajiri wanapita mstari kwa mstari na kijiti kilichochongwa, wanainua kile kiutando kidogo ndani ya ua, wanabana kwa dole gumba, wanakwenda ua lingine.

"Ukienda kwanza kunywa chai, ua limekufa," Papa alisema. "Mimi nilikuwa ninakunywa chai saa nne kama bosi."

Kisha miezi tisa ya kungoja. Na ganda likiwa bado la kijani Babu alilichoma kwa pini, tundu moja moja, mpaka alama yake ikaonekana: nukta nne na nyingine mbili chini yake. Kila mkulima alikuwa na alama yake. Kovu lile halifutiki hata ganda likikauka, kwa hiyo mwizi akipeleka sokoni anajulikana ameiba kwa nani. Baada ya kuvuna, maganda yanatumbukizwa katika maji ya moto kwa dakika chache, yanafungwa kwa blanketi yatoke jasho, yanaanikwa juani, yanarudishwa kwenye blanketi, wiki na wiki, kisha yanakaa ndani ya sanduku kwa miezi. Hapo ndipo harufu inapokuja.

Mimi nikaenda maktaba kutafuta kwa nini. Nilifurahi hadi nikasahau kula. Kumbe ndani ya ganda bichi ile molekuli ya harufu ipo, inaitwa vanilini, ila imeshikamana na sukari, na ikiwa imeshikamana hivyo pua haiipati. Maji ya moto yanavunja kuta za seli. Kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kinaifikia, kinakata kile kifungo, na vanilini inakuwa huru. Yenyewe ni pete ya kaboni sita, na juu ya pete kumening'inia vitu vitatu, kimoja kikiwa ni aldehaidi, ndugu wa zile zinazofanya mdalasini na lozi chungu zinukie. Nilimchorea Papa nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

"Kwa hiyo maji ya moto yanaua ganda, ndiyo harufu inatoka," nikamwambia.

"Njo Babu alisema vile vile! 'Kwanza tuiue.' Mimi nilifikiri ni maneno ya wazee." Alicheka, akaishika bahasha mbali na macho, akaiangalia ile pete kama picha ya mtu anayemfahamu.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililoleta haya yote. Vanila iliyokaushwa vizuri, ikikaa miaka mahali palipofungwa, huota sindano. Nyeupe, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zinametameta ukizigeuza kwenye mwanga. Ni vanilini yenyewe, imejaa ndani ya ganda hadi ikatoka nje na kuganda. Nyumbani waliziita givre, ambalo ni neno la Kifaransa la ile barafu nyembamba inayoshika nyasi asubuhi. Papa anasema aliijua givre ya vanila miaka thelathini kabla hajaiona givre yenyewe, kwenye kioo cha gari lake hapa Minnesota, akaikwangua na kadi ya benki, akainusa, akasikitika.

Akanipa maganda mawili, yale yenye sindano nyingi kuliko yote.

"Mama," akasema, kwa maana kwetu binti huitwa mama na baba yake, "mwalimu aone kazi."

Jumatatu nikaweka mfuko wangu kwenye trei ya sampuli, nimeandika jina na neno vanila. Mwalimu alikuwa amesema ataangalia kila kitu kwanza kwa ajili ya usalama. Jumatano tukaingia maabara, kila mtu akachukua mfuko wake. Wangu haukuwepo. Mahali pake palikuwa na kichupa kidogo cha kahawia cha dukani, na karatasi ya njano imebandikwa juu yake. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa duara: sampuli yako ilikuwa na ukungu na matundu ya wadudu, nimelazimika kuitupa, samahani, tumia hii. Na uso unaotabasamu.

Nilisoma mara tatu. Ukungu. Matundu ya wadudu. Alama ya Babu imekuwa mdudu!

Mwalimu akapita mezani kwetu. "Umepata ujumbe wangu? Usijali, haitakupunguzia alama. Vitu vya asili huharibika, ndiyo maisha."

Nikasema, "Haina shida. Asante."

Nimeiandika hii sentensi ili niione. Haina shida, asante. Mtu ametupa maganda mawili kati ya saba yaliyobaki duniani yenye mkono wa babu yangu, hakuniuliza hata neno moja, na mimi nimemshukuru.

Mwenzangu aligeuka akanikazia macho. Yeye alikuwa amenusa mfuko wangu Jumatatu, akajua.

"Aki wewe! Umesema asante?"

"Nyamaza."

"Ati ukungu? Kitu inanukia hivyo? Si umwambie!"

"Nitamwambia."

"Lini? Ukishazaa?"

Pipa la taka lilikuwa tupu, na mfuko mpya wa plastiki umewekwa. Niliangalia hata hivyo, nikijifanya natupa tishu. Kisha nikarudi nikafanya jaribio langu kwa kile kichupa. Kwenye lebo yake, kwa herufi ndogo, kilikiri chenyewe kwamba ni ladha ya kuigiza. Sasa niseme ukweli wa kemia, kwa kuwa hasira haipaswi kunifanya mwongo: vanilini ya kichupa na vanilini ya Babu ni molekuli moja, kaboni kwa kaboni. Inatengenezwa kwa vitu vinavyotokana na petroli, wengine waliitoa hata kwenye mbao zilizobaki viwandani, na huwezi kuzitofautisha kwa kuchora. Ganda lina vitu vingine vingi vidogo vidogo pamoja nayo, na hivyo ndivyo kichupa hakina. Papa anafanya kazi kiwanda cha keki, anamimina vanila ya pipa kila siku, na anasema ile ni kama mtu anayejua neno moja tu la lugha. Lakini sikukasirika kwa sababu ya kichupa. Nilikasirika kwamba kichupa kiliaminiwa kwa kuwa kina lebo, na ganda halikupewa hata nafasi ya swali. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa darasani Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Angeniuliza, hii nini?

Halafu nikajikasirikia: hata angeuliza, ningejibu?

Papa hurudi kutoka kazini saa kumi kasorobo jioni, akinukia sukari. Nilimngoja jikoni, nikamwambia yote kwa mkupuo, nikamwonyesha ile karatasi ya njano. Nilitegemea atawaka. Nilitaka awake. Nilitaka aingie kwenye gari na koti lake la kiwandani aende shuleni akaongee kwa sauti yake ya kuongozea kwaya.

Aliisoma polepole, midomo ikicheza.

"Banasema ni ukungu?"

"Ndiyo, Papa."

"Na wadudu."

Akaenda chumbani, akarudi na kopo. Akatoa maganda matano, akayapanga mezani karibu na dirisha, akavaa miwani. Aliyaangalia muda mrefu, akiyageuza. Halafu akachukua kitambaa cha vyombo, akafungua bomba, akangoja maji yapate moto, akakilowesha. Sikuelewa anachofanya mpaka aliposhika ganda la kwanza na kuanza kulifuta.

"Papa?"

"Bon, labda ni kweli. Hapa kuna hita usiku na mchana, hewa si ya kwetu. Labda iliharibika na mimi sikuona. Weye hukumbuki wale wa ofisi ya wakimbizi walivyotufundisha tulipofika? Kitu kikiota nyeupe, tupa." Akaendelea kufuta, taratibu, kama anavyomfuta mdogo wangu pua. "Nimekutuma na uchafu shuleni. Nitaandika barua, niombe pardon. Ule ni mwalimu, amesoma."

Zile sindano zilikuwa zinayeyukia kwenye kitambaa. Ganda likabaki jeusi, limelowa, kama kitu kilichotolewa kwenye tundu la sinki. Na jikoni kote pakanukia, na yeye, ambaye alikuwa nyuki wa ile harufu tangu ana miaka sita, alikuwa anaendelea kuifuta.

"PAPA, HAPANA!"

Nilimshika mkono. Kitambaa kikaanguka. Mdogo wangu alitoka sebuleni akakaa mlangoni, mdomo wazi, maana katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunisikia nikipaza sauti.

"Unanipigia kelele? Mimi?"

"Ni wewe ulinifundisha! Ni givre! Umeiona tangu mtoto, leo mtu mmoja ameandika karatasi ya njano, basi hujui tena?"

"Mama, mimi nilifika darasa la sita."

"Na yeye hajawahi kuona vanila!"

Akavua miwani, akakaa. Nililia hapo, ndiyo ile sehemu niliyosema. Sikumlilia Babu wala maganda. Nililia kwa kuona jinsi ilivyokuwa rahisi. Papa alijenga nyumba kambini kwa mikono yake, alitutoa mahali ambapo sitaki kupataja, na kilichotosha kumfanya asiamini macho yake ni karatasi ndogo yenye uso unaotabasamu. Niliichukia ile karatasi kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Niliwachukia na wote waliomzoesha: wanaokagua nyumba na kufungua friji yetu bila kusalimu, wanaomwambia rudia, sikukuelewa, rudia, hadi anaona afadhali akubali tu.

Nilipotulia nikamwomba anipe punje za ile nyeupe kutoka ganda lingine, kidogo sana. Alinitazama, akauliza za nini. Nikasema za kupima. Akachukua kisu kidogo, akazikwangua mwenyewe juu ya karatasi nyeusi, akaikunja mara nne, akanipa. Yale maganda manne makavu akayarudisha kwenye kopo. Lile lililolowa aliliacha dirishani, akawa hataki kuliangalia.

Ijumaa nilifika maabara kabla ya kengele. Nilikuwa nimeandika ombi langu kwenye karatasi kwa sababu niliujua mdomo wangu. Mwalimu akasoma: naomba kupima kiwango cha kuyeyuka.

"Cha nini?"

"Cha ukungu," nikasema.

Alicheka kidogo, akadhani ni utani, akaniruhusu. Mwenzangu alikuja akasimama nami. Kuna kifaa chenye dirisha dogo la lenzi. Unaweka punje zako ndani ya kijibomba cha kioo chembamba kama unyoya, unapandisha joto pole pole, unachungulia. Kitu safi huyeyuka kwa ghafla, katika nyuzijoto zake, na kila kampaundi ina zake. Ukungu hauyeyuki. Ukungu ni kiumbe, utaungua, uwe mweusi. Nikaweka vijibomba viwili: kimoja cha Papa, kingine cha vanilini safi kutoka kwenye chupa ya mwalimu mwenyewe, ya kabatini, yenye lebo na kila kitu.

Sitini. Sabini. Hakuna kilichotokea. Labda Papa alikuwa sahihi. Sabini na nane. Themanini.

"Wacha!" mwenzangu akapiga kelele, shavu lake limenibana kwenye lenzi. "Zinaenda! Zote mbili zinaenda pamoja!"

Themanini na moja na kidogo. Vyeupe vikawa maji, vyote viwili, kwa wakati mmoja, angavu kabisa.

Mwalimu akaja kuona kelele ni za nini. Alichungulia. Akasoma namba, akasoma lebo ya chupa yake, akachungulia tena, akaweka mkono mdomoni.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Zilikuwa fuwele."

"Na matundu ni jina la babu yake," mwenzangu akasema. "Yaani si wadudu. Ni jina."

Naweza kusema mwalimu hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulibadilika kweli. Lakini kilichofuata ni hiki: macho yakamng'aa, akasema ni jambo la ajabu, hajawahi kuliona isipokuwa kwenye picha, je, ningeweza kuleta ganda lingine akaliweke kwenye kabati la maonyesho, madarasa yote waone?

"Hapana," nikasema.

Nadhani ilikuwa hapana yangu ya kwanza ya Kiingereza kwa mtu mzima. Haikutoka vizuri. Nikairudia.

"Hapana. Naomba umpigie baba yangu simu. Alifuta ganda jingine kwa ajili yako."

Hakuelewa, ikabidi nimweleze: kitambaa, maji ya moto, barua ya kuomba radhi aliyotaka kuandika. Darasa lilikuwa limeshaingia. Nilieleza mbele ya wote, hadi mwisho.

Mwalimu akapiga kwa simu yangu, sauti ikisikika kwa wote; ilikuwa saa ya mapumziko kiwandani.

"Hello? Nini? Umegonjwa?"

"Niko mzima, Papa. Mwalimu anataka kukuambia kitu."

Mwalimu akaongea pole pole na kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea nasi wakidhani hatusikii. Alisema amekosea. Haukuwa ukungu. Ilikuwa vanila nzuri sana, yeye ndiye hakujua, na alipaswa kuuliza. Anaomba radhi.

"No problem, teacher," Papa akasema haraka. "No problem, no problem. Thank you. Thank you, teacher."

Kumbe ndipo nilipoitoa. Asante yangu yote, haina shida yangu yote, nilikuwa nimeirithi nzima.

"Papa," nikasema kwa Kiswahili, "usimwambie hivyo. Shida ipo."

Nyuma yake mashine za kufungia keki zilikuwa zinagonga, na mtu alimwita, naye akamwambia ngoja. Nilifikiri atanigombeza. Halafu akaanza kuongea, Kiswahili, sauti ile ya kwaya, na mimi nikawa natafsiri kila sentensi ikitoka.

"Mwambie ile ni kazi ya miaka. Mwambie ua moja, asubuhi moja. Mwambie mtu aliyeifanya amekufa, hawezi kufanya nyingine. Mwambie mimi ninamsamehe, lakini ninamsamehe kwa sababu lilikuwa kosa. Si kwa sababu haikuwa kitu." Akavuta pumzi. "Na mwambie nilijua. Tangu mwanzo nilijua ni givre."

Hilo la mwisho halikuwa kweli kabisa. Mimi na yeye tulijua hivyo, na ganda moja lilikuwa dirishani kwetu limelowa kushuhudia. Nililitafsiri hata hivyo, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika hadi meza za nyuma.